Jina la Mbwa na Masikio ya Jirani

Mbwa huyu hakuombwa wala hakununuliwa. Mtumishi mmoja wa serikali aliyekaa mkabala na nyumba yangu hapa Mpanda alipata barua ya uhamisho, akafunga mizigo yake, akaipeleka stesheni, na siku ya safari akapanda treni ya Kaliua pamoja na mkewe na watoto. Mbwa hakupanda. Kwa siku tatu alilala kizingitini pa nyumba tupu akisubiri mlango ufunguliwe, na siku ya nne, njaa ilipomzidi nguvu, akavuka barabara taratibu, kichwa chini kama mtu anayekwenda kukopa, akajilaza kizingitini pangu. Mke wangu alimtazama kitambo, kisha akaingia jikoni akatoka na kiporo cha ugali na vichwa vya dagaa. Mimi nilikuwa bado nafikiri iwapo tunahitaji mbwa. Shauri lilikuwa limekwisha kukatwa.

Ni mbwa wa kawaida, wa rangi ya kahawia, mkia umejikunja, sikio moja limesimama na la pili limelala. Nilimpigia simu mwenyewe wa zamani huko alikohamishiwa, nikamwuliza mbwa wake anaitwaje. Akacheka sana. Akasema kwamba kwa miaka minne alimwita kwa mluzi, na siku za hasira alimwita "We!" Basi nikawa na mbwa mtu mzima asiye na jina, na jina lenyewe likawa linatakiwa kwa haraka.

Gari la matangazo lilikuwa limepita mtaani likitaja siku ya chanjo ya kichaa cha mbwa katika ofisi ya kata. Kila mbwa huandikiwa kadi: jina la mfugaji, jina la mbwa, rangi, umri na tarehe. Msomaji asiyefuga mbwa aweza kudhani kwamba hayo ni makaratasi tu. La hasha. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili zake kwa binadamu, dawa hakuna. Mgonjwa hufa, na miongoni mwa wanaokufa wamo watoto wengi. Mtu akiumwa, jambo la kwanza ni kuliosha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda wa dakika 15, halafu kukimbilia sindano, ambazo ni ghali na mara nyingi ziko mbali na aliyeumwa. Njia ya uhakika ni kuwachanja mbwa wenyewe. Wataalamu wanasema kwamba ugonjwa hukosa njia ya kupita iwapo mbwa 70 katika kila 100 wamechanjwa. Juu ya hayo, mbwa mwenye kadi ana mtu wa kumsemea. Asiye na kadi, siku hofu inapouingia mji, ndiye wa kwanza kupigwa risasi au kutegewa sumu, wala hakuna anayeuliza alikuwa wa nani.

Haraka ya pili ililetwa na mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, ambaye yuko Uskoti akisomea udaktari wa mifugo. Alipopata habari za mbwa alipiga simu usiku huohuo.

"Mjomba," akasema, "mbwa huyo mpe jina la Kiskoti. Nikija likizo nitamletea ukanda wa shingoni wenye kibati, na jina lake limechorwa juu ya kibati. Nitumie jina kabla ya mwisho wa mwezi."

Nikamwuliza kwa nini liwe la Kiskoti na lisiwe la Kikonongo au la Kipimbwe. Akajibu kwamba Waskoti si wageni kwetu. Mwalimu Nyerere alisoma katika Chuo Kikuu cha Edinburgh tangu mwaka 1949 hadi mwaka 1952. David Livingstone, mzaliwa wa Blantyre karibu na Glasgow, alizipita kwa miguu nchi hizi ambazo leo tunaziita Mkoa wa Katavi. Tena wanazuoni wa Chuo Kikuu cha Glasgow wamefanya kazi kwa miaka mingi pamoja na wenzao wa Tanzania, huko Serengeti na Pemba, juu ya kichaa hichohicho cha mbwa. "Kwa hiyo, Mjomba, hiyo sindano atakayochomwa ina Uskoti ndani yake." Nilikubali, kwa sehemu kwa ajili ya hoja zake, na kwa sehemu, nakiri, kwa ajili ya ukanda.

Hapa hapana budi nieleze kidogo desturi yetu, maana vijana wa siku hizi wanaona kumpa mbwa jina ni mchezo. Wazee wetu walimpa mbwa jina la kusema na watu. Mtu aliyegombana na jirani yake hakwenda kumtukana. Alimwita mbwa wake. Marehemu baba yangu alifuga mbwa aliyeitwa Sina Neno, na kijiji kizima kililijua neno lenyewe na aliyekuwa akiambiwa. Nimewajua mbwa walioitwa Tutaonana na Mwachie Mungu, na mmoja aliyeitwa Deni, ambaye mwenyewe alikuwa akimwita kwa sauti kubwa kila mdaiwa wake fulani alipopita njiani. Mtoto aweza kupewa jina la ovyo nalo likajificha katika daftari la shule. Jina la mbwa halina pa kujificha. Huitwa uani, huitwa barabarani, huitwa usiku wa manane mwizi anapopita, na jirani hulisikia atake asitake. Mwenye mbwa hulichagua, lakini mtaa mzima ndio unaolibeba.

Orodha ya mpwa wangu ilifika katika simu ikiwa na majina kumi na mawili. Watoto wakaketi ngazini, mbwa akalala mbele yao, nao wakaanza kumwita jina moja baada ya jingine ili wamwone ataitikia lipi.

La kwanza lilikuwa Macbeth, nalo mimi nililijua, kwa kuwa tamthilia hiyo ya Shakespeare ilitafsiriwa kwa Kiswahili na S. S. Mushi, ikachapishwa mwaka 1968 kwa jina la Makbeth. Lakini Makbeth ni mwenyeji aliyemwua mgeni wake usingizini, tena mgeni mwenyewe ni mfalme. Mbwa wa kulinda mlango unaopokea wageni hawezi kuitwa hivyo, hata kama jirani hajasoma kitabu. Rory tulilijaribu, likawa Rori, na watoto wa nyumba ya pili wakatoka mbio kutazama lori limekwama wapi. Ross likawa Rosi, na akina Rose katika mtaa wetu hawapungui watatu, mmoja wao mke wa mwalimu. Fergus lilitutoa jasho tukaliacha. Angus likawa Angasi, nalo halikuwa na kosa lolote, ila mbwa hakuligeuzia hata lile sikio lililosimama.

Tulipofika Hamish, akanyanyua kichwa.

Watoto walipiga makofi. Wakaita tena, naye akasimama, akaja. Nadhani ni kwa sababu ya ule mlio wa mwisho, ambao unafanana na mluzi wa bwana wake wa kwanza. Mpwa wangu alipoambiwa alifurahi kupita kiasi, akanipa na historia ya jina. Kwa Kigaeli, lugha ya kale ya Waskoti wa milimani, Yakobo huitwa Seumas. Lakini lugha hiyo ina tabia ya kubadilisha mwanzo wa jina pale mtu anapoitwa, na Seumas akiitwa husikika kama Hamish. Wasiojua Kigaeli walisikia watu wakiitana, wakadhani hilo ndilo jina lenyewe, likabaki. Maana yake ni jina lililozaliwa mdomoni mwa mtu anayeita. Nikaona limefaa mno kwa mbwa. Kwa muda wa juma zima nyumba yangu ikawa inaita Hamish asubuhi, Hamish mchana, na Hamish usiku.

Siku ya nane mzee wa nyumba ya kona alikuja kunitembelea. Ni Mkonongo, mwenyeji wa Inyonga, mtu wa maneno machache. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaketi. Chai ililetwa, hakuigusa.

"Bwana mwandishi," akasema, "sikuja kwa ugomvi. Nimekuja kuuliza. Mbwa wako anaitwa Hamisi?"

Nikamweleza habari ya Hamish, na Kigaeli, na Seumas, na Yakobo. Alisikiliza hadi mwisho kwa heshima.

"Wewe unaandika," akasema, "kwa hiyo unasikia kwa macho. Sisi wengine tunasikia kwa masikio."

Nilijua mara moja alilotaka kusema, nikaona aibu kwamba nilihitaji kuambiwa. Hamisi ni jina la Kiislamu la mtu aliyezaliwa siku ya Alhamisi, na Mpanda hii ina Waislamu wengi. Kwa wafuasi wa madhehebu ya Shafii, ambao ndio wengi katika Waislamu wa Afrika Mashariki, mate ya mbwa ni najisi, na chombo kilichorambwa na mbwa huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Sasa mtu wa namna hiyo asikie jina lake linaitwa kwa kelele, ageuke, aone anayekuja mbio ni mbwa! Katika mtaa wetu wako akina Hamisi watatu. Wawili ni watu wazima, nao, alisema mzee, walikuwa wameamua kunyamaza kwa kuwa wananiheshimu. Wa tatu ni mtoto wa miaka saba, na wenzake njiani kwenda shule walikuwa wamekwisha kuanza kumbwekea.

Msomaji, hapo hakuna cha historia ya Kigaeli.

Lakini mzee hakuwa amemaliza. "Hilo la kwanza," akasema. "La pili ni la kwangu. Usiku unasimama uani unaita, hamish, hamish. Juzi mke wangu aliamka akaniuliza, ni nani anayehamishwa tena?"

Nilicheka. Yeye hakucheka, na baada ya kitambo nami nikaacha.

Neno kuhama si neno jepesi katika mkoa huu. Katika miaka ya 1920 na 1930 serikali ya wakoloni iliwakusanya watu wa magharibi ya Tanganyika, nchi hizi zetu zikiwamo, ikawaondoa katika makazi yao yaliyotawanyika porini na kuwaweka pamoja kwa ajili ya kupigana na malale na mbung'o aletaye malale. Baba wa mzee huyu alikuwa mmoja wao, akaiacha mizinga yake ya asali msituni. Nusu karne baadaye ikaja operesheni ya vijiji, ambapo iliamriwa kwamba hadi kufikia mwisho wa mwaka 1976 wananchi wote wa mashambani wawe wanaishi vijijini. Safari hiyo alihama mzee mwenyewe, akiwa kijana, mwaka 1974. Sisemi kwamba sababu zilifanana, maana hazikufanana. Mdudu alikuwapo kweli, na shule na zahanati zilizojengwa vijijini zilikuwapo kweli. Nasema tu kwamba paa lililobomolewa hulia mlio uleule, yeyote awe ameliamuru.

Wala si Wakonongo peke yao. Nyumba ya tatu kutoka kwangu anakaa mama aliyezaliwa Katumba. Wazazi wake walikimbia mauaji ya Burundi ya mwaka 1972, wakapewa ardhi katika makazi yaliyofunguliwa msituni, Katumba kwanza, na baadaye Mishamo. Walilima, wakajilisha, wakazaa, wakazika. Walipokubaliwa kuwa raia wa Tanzania waliambiwa mwanzoni kwamba uraia huo utaambatana na kuhamia mikoa mingine. Watu wakakaa miaka kadhaa wasijue wajenge au wasijenge, mpaka mpango huo ulipoachwa, na vyeti vikaanza kutolewa mwaka 2014. Mwanamke kama huyo akisikia sauti ya mwanamume uani, gizani, ikiita neno linaloanza kwa hamisha, sidhani kwamba wazo lake la kwanza ni Uskoti. Na mbwa mwenyewe je? Si alikuja kwangu kwa sababu ya barua ya uhamisho?

Jioni ile nilikwenda kwa mama wa mtoto yule wa miaka saba, nikamwomba radhi. "Yamekwisha, baba," akanijibu kwa upole, kwa sauti iliyonijulisha kwamba yalikuwa hayajaisha. Nikamwahidi kwamba kuanzia kesho jina hilo halitasikika nyumbani kwangu.

Mpwa wangu hakufurahi. "Mjomba, mkitafuta maana katika kila jina hamtapata jina," akasema, na kwa upande wake hakukosea. Kiswahili kimekaa na lugha nyingi, na ukitega sikio vya kutosha utasikia tusi katika jina la malaika. Lakini ipo tofauti kati ya anayetafuta tusi na anayeangukiwa nalo akiwa amelala. Huyo wa kwanza mwache atafute. Wa pili ni jirani yako.

Kwa kuwa sikutaka kuvunja ahadi ya jina la Kiskoti, niligeukia vitabu, nikamfungua Livingstone. Watu wengi hawajui kwamba mzee yule, alipoianza safari yake ya mwisho mwaka 1866, alikuwa na mbwa, mbwa mdogo wa manyoya ya mviringo ambaye katika shajara yake anamwita Chitane. Alikuwa mbwa mwenye moyo mkubwa kuliko mwili wake. Aliukagua msafara kwa kukimbia mbele mpaka kwa mtu wa kwanza, kisha kurudi nyuma mpaka kwa wa mwisho na kumbwekea asichelewe, na mbwa wa vijijini hakuwaruhusu kuukaribia mlango wa bwana wake. Januari 1867, katika nchi ambayo leo ni Zambia, walivuka bwawa lenye matope, maji yakifika kiunoni. Livingstone alitangulia, akasahau kuagiza mtu wa kumbeba mbwa. Kila mmoja alishughulika na miguu yake mwenyewe asianguke, na Chitane akaogelea mpaka nguvu zikamwishia, akazama bila mtu kumwona. Ukiisoma sehemu ile utaona kwamba mzee alijilaumu.

Nikafurahi, nikaona nimepata jina: Mskoti mwenyewe ndiye aliyelitumia, nalo halina sura ya Kizungu. Nikamwita mke wangu, nikalitamka. Akanitazama.

"Shetani?" akauliza.

Basi nalo likafa hapo, kabla halijavuka kizingiti. Nilianza kumwelewa Joseph Thomson, Mskoti mwingine, ambaye mwaka 1880 aliliona Ziwa Rukwa akaliita Ziwa Leopold. Lilikaa katika ramani kwa muda. Waliokuwa wakivua samaki humo waliendelea kusema Rukwa, na leo Leopold hulikuti ila katika vitabu vya zamani. Wakati huohuo jina la Katabi, mwindaji ambaye wazee husimulia kwamba roho yake inakaa katika mkwaju kando ya ziwa, limepewa hifadhi ya taifa tangu mwaka 1974 na mkoa mzima tangu mwaka 2012, wala hakuna msafiri aliyelichora katika ramani kwa kumtukuza mtu wa kwao.

Siku mbili kabla ya chanjo, mpwa wangu aliniletea picha kwa simu. Ni sanamu ya mbwa mdogo juu ya nguzo, katika kona ya barabara ya Edinburgh, pua yake imeng'aa kwa kuguswa na watalii. Habari yake, kama wanavyoisimulia wenyeji, ni hii. Mlinzi wa usiku wa polisi ya mji, jina lake John Gray, alikufa mwaka 1858, akazikwa katika makaburi ya Greyfriars. Mbwa wake alibaki kaburini. Walimfukuza, akarudi. Mzinga wa ngome ya Edinburgh ulipolia saa saba mchana alikwenda kula katika hoteli ya jirani, kisha akarudi tena kaburini, na hivyo akaishi miaka 14 hadi alipokufa Januari 1872. Mwaka 1867 mji ulidai kwamba kila mbwa awe na leseni, na asiye na mwenyewe auawe. Mbwa wa makaburini hakuwa na mwenyewe aliye hai. Meya wa mji, William Chambers, akatoa fedha yake, akamlipia leseni, na akamvisha ukanda wa shingoni wenye kibati chenye jina lake. Ukanda huo umehifadhiwa mpaka leo katika jumba la makumbusho la Edinburgh.

Ni haki niseme kwamba si wote wanaoiamini habari hii. Mtafiti mmoja, Jan Bondeson, aliandika mwaka 2011 kwamba mbwa walikuwa wawili, wa kwanza alipokufa akawekwa wa pili, na kwamba mbwa wengi wa zama zile walikaa makaburini kwa sababu walilishwa huko. Yawezekana. Mimi ninaye mbwa aliyelala siku tatu kizingitini pa nyumba tupu ambapo hakuna aliyemlisha, na siku ya nne akavuka barabara kwa ajili ya dagaa. Naamini nusu ya kila upande.

Lakini lililonishangaza ni miaka. Mwaka ule ambao mbwa wa Edinburgh alipata ukanda, 1867, ndio mwaka ambao mbwa wa Livingstone alizama kwa kukosa mtu mmoja wa kumshika mkono. Na Januari 1872, mbwa wa Edinburgh alipokuwa akikata roho, Livingstone mwenyewe alikuwa akitembea hapa hapa kwetu pamoja na Stanley, wakitoka Ujiji kwenda Unyanyembe kwa njia ya Ukawendi na Ukonongo, katika mvua za masika na njaa, bila mbwa.

Nikamwuliza mpwa wangu jina la yule mbwa wa sanamu.

"Bobby," akasema.

Nilikaa kimya, kisha nikacheka mpaka mke wangu akatoka jikoni. Bobi! Nani katika Mpanda hajawahi kufuga Bobi? Nenda Kashaulili, nenda Makanyagio, simama njia panda uite Bobi, utakusanya mbwa wa kutosha kuwinda nyati. Nadhani lilikuja na Wazungu zamani, likaachwa mlangoni kama mbwa wangu, tukalilisha likawa letu. Tena ni la Kiskoti kwa haki zote, maana Bobby ni kifupi cha Robert, na Robert Bruce ndiye mfalme wa Waskoti aliyewashinda Waingereza huko Bannockburn mwaka 1314, na Robert Burns ndiye mshairi wao mkuu. Halimkwazi Mwislamu wala Mkristo. Halimhamishi mtu. Mpwa wangu alilalamika kwamba nimetafuta mbali kitu kilichokuwa uani, nikamwambia achore kibati.

Siku ya chanjo foleni ilianzia mlangoni pa ofisi ya kata ikafika barabarani. Vijana walikuwa na mbwa wao wamefungwa kamba za katani, na bibi mmoja alimbeba wake ndani ya kikapu. Bwana mifugo aliketi nyuma ya meza, kalamu mkononi, sanduku la barafu miguuni. Zamu yangu ilipofika hakuinua kichwa.

"Jina la mbwa?"

"Bobi."

Akahesabu katika daftari kwa ncha ya kalamu. "Tangu asubuhi huyu ni wa kumi na moja. Bobi wa wapi?"

"Mwandikie Bobi wa Uskoti," nikasema.

"Uskoti," akarudia, sasa akainua kichwa. "Hiyo ni kata gani?"

Nilimwambia aache mahali hapo wazi. Mbwa alichomwa, hakulia, akageuka tu kuitazama sindano kana kwamba alikuwa ameangusha kitu. Kadi ninayo, nimeitia katika bahasha moja na vyeti vya watoto.

Jioni yake mzee wa nyumba ya kona alipita akiegemea fimbo yake. Mbele yake alikuwa yule mtoto wa miaka saba, anatoka madrasa. Mtoto alisimama mbali kidogo na uzio, akamtazama mbwa kwa muda, kisha, kwa sauti ya mtu anayejaribu kina cha maji kwa fimbo, akamwita, "Bobi."

Sikio lililolala halikusimama. Mkia ulitikisika mara mbili. Mtoto akacheka, akakimbia kumfuata mzee, na mbwa akalaza kichwa chini tena, macho yake yakielekea ng'ambo ya barabara, kwenye ile nyumba ambayo mpaka leo haijapata mpangaji.